Fundi Aliyesimama Nyuma ya Daktari

Wauguzi wapya wakiniuliza upasuaji wa moyo wa watoto ulianzia wapi, simtaji daktari kwanza. Namtaja Vivien Thomas, Mmarekani Mweusi aliyewahi kuwa seremala Nashville. Tarehe 29 Novemba 1944, katika hospitali ya Johns Hopkins, Baltimore, alisimama juu ya kistuli nyuma ya Dk. Alfred Blalock, akimwelekeza sindano ipite wapi. Mezani alilala binti wa miezi 15, midomo imegeuka buluu kwa kasoro ya moyo aliyozaliwa nayo. Wazo lilikuwa la Dk. Helen Taussig: mshipa uendao mkononi uunganishwe na wa mapafu, damu ikapate hewa. Thomas alikuwa ameujaribu upasuaji huo kwa mbwa, tena kwa miezi mingi.

Binti yule alifariki mwaka uliofuata, lakini njia ilikuwa imefunguka. Makala ya 1945 iliyoutangaza upasuaji huo haikumtaja Thomas. Chuo Kikuu cha Johns Hopkins kilimpa udaktari wa heshima 1976, tena wa sheria!

Unganisho lile halikuziba tundu lililo ndani ya moyo wenye kasoro hiyo. Kurekebisha kasoro yenyewe kulianza 1954, Minnesota, kwa daktari C. Walton Lillehei, mara nyingi mzazi akimsukumia mwanawe damu mezani. Waliookolewa hivyo wakakua, wakaoa, wakazaa. Wengi baadaye vali ya mapafu ikavuja na chumba cha moyo cha upande wa kulia kikatanuka, wakahitaji vali mpya. Ndiyo maana mama akiniambia mwanawe ameshapona, namwandikia tarehe ya kliniki ijayo.