Viyeyushi vinavyogeuzwa kwa gesi vyapunguza sumu maabarani

MTAALAMU wa kemia anapotaka kubaini iwapo maji yana mabaki ya dawa za kuua wadudu, aghalabu hulazimika kwanza kuyakusanya mabaki hayo, kwani huwa machache mno kutambuliwa na mitambo. Kwa miaka mingi kazi hiyo imefanywa kwa viyeyushi kama vile heksani na klorofomu. Heksani hushika moto upesi, na anayevuta mvuke wake kwa muda mrefu hudhurika mishipa ya fahamu. Klorofomu nayo hudhuru ini.

Mnamo 2005, Philip Jessop wa Chuo Kikuu cha Queen's, Kanada, pamoja na wenzake, walitangaza kiyeyushi ambacho tabia yake hugeuzwa kwa kaboni dioksidi, gesi tunayoitoa tunapopumua. Mnamo 2010 kundi lake lilieleza aina nyingine, ambayo hujitenga na maji kama mafuta, lakini gesi hiyo inapopulizwa humo huchanganyika nayo.

Viyeyushi vingi vya aina hii ni amini, yaani kemikali zenye naitrojeni. Kaboni dioksidi huyeyuka majini na kufanya asidi dhaifu, nayo asidi hiyo huigeuza amini kuwa chumvi inayoyeyuka. Gesi ikiondolewa, amini hurejelea hali yake ya awali.

Katika upimaji wa maji, amini iliyokwisha kuyeyushwa hivyo hutiwa ndani ya sampuli, mara nyingi kwa kiasi kisichozidi mililita moja au mbili. Kisha huongezwa sodiamu haidroksidi, ambayo ni alkali kali. Papo hapo amini hujitenga kwa matone madogo yanayonasa mabaki na kuelea juu, tayari kupelekwa mtamboni. Njia za zamani zilihitaji makumi ya mililita za kiyeyushi, pengine hata zaidi.

Hata hivyo, sifa ya kuhifadhi mazingira isimpumbaze mtu. Baadhi ya amini hizo huunguza ngozi na zina sumu. Isitoshe, zipo dawa za wadudu ambazo huvunjika zikikutana na alkali. Mpimaji asipozingatia hilo, maji yenye sumu yatatangazwa kuwa safi. Ndiyo sababu kila mbinu hujaribiwa kwanza kwa maji yaliyotiwa kiasi kinachojulikana cha dawa husika, kabla ya matokeo yake kuaminiwa.