Jicho, uzee na ugonjwa wa sukari

Katika makanisa yetu ya Kasongo na Kabambare, mzee akianza kusogeza Biblia mbali mpaka mkono unaisha, tunasema: ni uzee. Mara nyingi ni kweli. Lakini tunasema vivyo hivyo kwa mama mwenye ugonjwa wa sukari ambaye macho yake yanafifia, na hapo tunaweza kumpotezea macho.

Nyuma ya mboni kuna lenzi, kitu angavu kinachokusanya mwanga. Katika ujana ni laini na hubadilika umbo ili tuone karibu. Tukifika miaka 40 hivi inakuwa ngumu; maandishi madogo yanasumbua, na miwani ya kusomea inatosha. Miaka ikizidi, protini za ndani yake hushikamana, lenzi inapata ukungu, mwishowe mboni inaonekana nyeupe. Huo ndio mtoto wa jicho. Macho ya Isaka (Mwanzo 27:1) na ya Eli (1 Samweli 3:2) yalififia katika uzee, ingawa Biblia haitaji ugonjwa wenyewe. Leo daktari huondoa lenzi iliyochafuka na kuweka nyingine ya plastiki. Majani tunayokamua jichoni hayawezi kazi hiyo, na huweza kuleta vidonda.

Ugonjwa wa sukari unashambulia mahali pawili. Sukari ikipanda, maji yanaingia katika lenzi, inavimba, na kuona kunabadilika juma kwa juma. Usinunue miwani siku hizo. Ngoja sukari itulie. Tena mwenye sukari hupata mtoto wa jicho mapema kuliko wenzake.

Mahali pa pili ni retina, utando mwembamba wa nyuma ya jicho unaopokea picha. Mishipa yake midogo ya damu hudhoofika, mingine inavuja, mingine inaziba. Retina ikikosa damu ya kutosha, mishipa mipya inaota, lakini ni dhaifu: inapasuka, damu inajaa ndani ya jicho, na makovu yanaivuta retina mpaka inabanduka. Hakuna maumivu. Mtu anaweza kusoma Zaburi nzima bila shida huku retina yake imekwisha kuanza kuharibika. Lenzi hubadilishwa, retina haibadilishwi. Matibabu ya leza huzuia uharibifu usiendelee, lakini hayafufui kilichokufa.

Kwetu wengi hufikiria kwanza upofu wa mto, ule unaoletwa na inzi weusi. Mectizan ni dawa nzuri kwa huo, ila haitibu sukari.

Kwa hiyo mwenye sukari aangaliwe nyuma ya jicho kila mwaka, hata kama anaona vizuri. Kwa mtu wa Kabambare hiyo ni safari na gharama, basi familia na kanisa waanze mapema kuweka akiba. Wakati huo huo apime sukari na presha, na aache tumbaku. Akiona ghafula nyuzi nyeusi zikielea au kama pazia linashuka, asingoje ibada ya Jumapili. Aende hospitali siku ile ile.