Kinywaji cha Olpul

Mwalimu akiwauliza wanafunzi wake chai ilianzia wapi nchini Kenya, hutajiwa Limuru, ambako miche ya kwanza ilipandwa mwaka 1903. Jibu hilo latosha kwa jani lenyewe. Halitoshi kwa desturi ya kuchuma mmea wa porini, kuuchemsha na kuunywa.

Miongoni mwa Wamasai desturi hiyo ni kongwe kuliko shamba lolote la chai, na mahali pake hasa ni olpul, yaani kambi ya msituni ambako morani huenda na ng'ombe wa kuchinja, wakakaa siku kadhaa au hata majuma. Kambi huwekwa karibu na maji, chini ya miti au katika pango, mbali na boma, kwa kuwa morani hawali nyama iliyoonwa na wanawake walioolewa.

Nyama hiyo haipikwi bila mimea. Magome ya olkiloriti, ambao ni aina ya mgunga, huchemshwa mpaka maji yageuke mekundu, kisha huchanganywa na supu. Ladha yake ina ukakasi. Husemwa kuwa humtia kijana ushujaa na kumwezesha kumeng'enya nyama nyingi. Osokonoi nao, wenye gome linalowasha ulimi mithili ya pilipili, hutumiwa kwa kikohozi. Hapo ndipo kijana hufundishwa mti upi uchunwe na kwa kiasi gani, maana iko mimea ya olpul ambayo ikizidi hudhuru.

Wapo waandishi waliokiita kinywaji hiki dawa, wakaishia hapo. Naona wamekipunja. Dawa hunywa mgonjwa. Hiki hunywewa na wazima, tena kwa pamoja, kwa kuwa morani hali peke yake. Katika miaka ya 1990 watafiti wa lishe walikuta saponini katika baadhi ya mimea hiyo, wakaona kuwa yamkini husaidia kupunguza lehemu kwa watu walao nyama na maziwa kwa wingi.

Leo chai ya maziwa na sukari imeenea bomani. Si hiyo iliyoidhoofisha olpul, bali kalenda ya shule pamoja na kupungua kwa misitu. Osokonoi una taabu yake zaidi: magome yake huuzwa sokoni, na mchunaji mwenye haraka hulizunguka shina lote. Mti uliochunwa upande mmoja huweza kufunika kidonda chake. Uliozungushiwa panga hauna siku nyingi.