Mifumo ya taarifa za uongozi: kwa nini hesabu za vituo vya afya zinapaswa kufika kwa wakati

Kila mwezi vituo vya afya nchini Uganda huhesabu wagonjwa waliotibiwa, watoto waliochanjwa, akina mama waliojifungua na dawa zilizobaki katika akiba. Hesabu hizo hujazwa katika fomu, nayo fomu hutakiwa kufika katika ofisi ya afya ya wilaya mapema mwezi unaofuata. Kwa miaka mingi karatasi hiyo ilisafirishwa kwa mkono kutoka kituo hadi wilaya, na kutoka wilaya hadi wizarani Kampala. Mara nyingi iliposomwa na mwenye mamlaka ya kuamua, hali iliyokuwa ikielezwa ilikuwa imekwisha kupita.

Utaratibu wa kukusanya hesabu kama hizo, kuzipanga na kuzifikisha kwa mwenye kuamua ndio unaoitwa mfumo wa taarifa za uongozi. Jina hilo huwafanya wengi wafikirie kompyuta, lakini kompyuta ni sehemu yake moja tu. Sehemu nyingine ni watu, rejista, fomu, ratiba, na kanuni zinazoeleza nani apeleke nini kwa nani. Nchini Tanzania watumishi wa afya huujua mfumo wa sekta yao kwa jina la MTUHA, yaani Mfumo wa Taarifa za Uendeshaji wa Huduma za Afya, nao ulikuwa ukitumika kwa vitabu vya karatasi kabla ya kompyuta kuenea.

Kutoka data hadi uamuzi

Chukua mfano wa kituo kilichoandika kwamba wiki hii kimetibu wagonjwa 60 wa malaria. Hiyo ni data. Ikilinganishwa na wiki kama hiyo katika miaka iliyotangulia, na ikaonekana kwamba kawaida ya kituo hicho ni wagonjwa 25, data hiyo imekuwa taarifa. Ikiwa itamfikia afisa wa afya wa wilaya mapema, anaweza kuhamisha dawa kutoka kituo chenye akiba ya kutosha na kuzipeleka pale zinapokaribia kwisha. Ikimfikia baada ya wiki sita, itakuwa kumbukumbu ya watu waliokwisha kurudishwa nyumbani bila dawa.

Thamani ya mfumo, kwa hiyo, haipimwi kwa wingi wa fomu zinazojazwa. Hupimwa kwa idadi ya maamuzi yaliyofanywa vizuri zaidi kwa sababu taarifa ilikuwapo, tena ilikuwapo kwa wakati.

Kilichobadilishwa na intaneti

Mfano mzuri ni programu ya DHIS2, inayotumiwa leo katika nchi zaidi ya 70. Chimbuko lake ni Afrika Kusini, ambako mwaka 1994, baada ya utawala wa ubaguzi wa rangi kumalizika, wataalamu wa nchi hiyo na wa Chuo Kikuu cha Oslo, Norway, walianza kutafuta njia ya kuunganisha taarifa za afya zilizokuwa zimegawanyika. Programu hiyo hutolewa bila malipo ya leseni, na toleo lake la sasa hufanya kazi kupitia intaneti. Mwaka 2011 Kenya ilikuwa nchi ya kwanza kusini mwa Sahara kuitumia nchi nzima kwa njia hiyo.

Uganda iliisambaza katika wilaya zake zote mwaka 2012. Kabla ya hapo, ripoti za wagonjwa wa nje zilizowasilishwa zilikuwa zaidi kidogo ya theluthi moja ya zile zilizotarajiwa. Katika mwaka uliofuata zilipanda na kupita asilimia 80, na zilizofika ndani ya muda uliopangwa ziliongezeka pia.

Mabadiliko mengine hayaonekani kwa urahisi katika asilimia. Zamani taarifa zilipanda kuelekea makao makuu bila kurudi, na muuguzi aliyejaza fomu hakujua zilitumiwaje. Katika mfumo wa mtandaoni, ofisi ya wilaya inaona takwimu zilezile zinazoonwa na wizara, tena saa ileile. Inaweza kulinganisha vituo vyake, kuona kipi hakijaleta ripoti na kuuliza sababu.

Wala si lazima kila kituo kiwe na kompyuta. Kupitia mpango wa mTrac, ulioanza mwaka 2011, watumishi wa afya wa Uganda wamekuwa wakituma ripoti za kila wiki kuhusu magonjwa na akiba ya dawa za malaria kwa ujumbe mfupi wa simu ya kawaida.

Kuchelewa kunapogharimu maisha

Tarehe 20 Septemba 2022 Uganda ilitangaza mlipuko wa Ebola, aina ya virusi vya Sudan, katika Wilaya ya Mubende. Tangazo hilo lilitanguliwa na uchunguzi wa vifo sita vya kutiliwa shaka vilivyotokea wilayani humo mwezi huohuo. Kifo kimoja kikitazamwa peke yake hufanana na msiba wa kawaida wa kijiji. Vikiwekwa pamoja, pamoja na tarehe na mahali vilipotokea, ndipo vinapoonekana kuwa ishara ya hatari. Hadi mlipuko ulipotangazwa kumalizika, tarehe 11 Januari 2023, maambukizi 142 yalikuwa yamethibitishwa, na watu 55 miongoni mwao walikuwa wamefariki dunia. Katika ugonjwa wa namna hiyo, kila siku inayopotea kabla ya ishara kutambuliwa huwapa virusi nafasi ya kuingia nyumba nyingine.

Anayehesabiwa na asiyehesabiwa

Mfumo hauwezi kuijua hali ya mtu ambaye haumo katika hesabu zake. Wakati mwingine takwimu za wilaya huonyesha kwamba watoto waliochanjwa wamezidi asilimia 100 ya wanaotakiwa kuchanjwa. Huenda sababu ni kosa la kuandika, lakini pia huenda makadirio ya idadi ya watu yamepitwa na wakati, au familia zimevuka mpaka wa wilaya, hata wa nchi, kutafuta huduma.

Jambo hilo linawahusu kwa karibu wasemaji wa Kiswahili waliotoka Kongo na kuishi katika makazi ya wakimbizi kama Nakivale na Kyaka II. Vituo vya afya katika makazi hayo huhudumia wakimbizi na wenyeji pamoja. Dawa zikiagizwa kwa kufuata idadi isiyowahusisha wageni wapya, akiba itakwisha kabla ya shehena nyingine kufika, na watakaokosa ni wageni na wenyeji vilevile. Lugha nayo ina nafasi yake: mgonjwa na mhudumu wasipoelewana, umri, kijiji au dalili vinaweza kuandikwa vibaya, na kosa hilo kusafiri hadi wizarani.

Mipaka ya teknolojia

Intaneti huharakisha taarifa sahihi na isiyo sahihi kwa kasi ileile. Rejista iliyojazwa kwa kukisia haitasahihishwa na grafu yenye rangi nzuri. Umeme na mtandao hukatika, hivyo vituo vingi bado vinahitaji rejista ya karatasi. Isitoshe, mhudumu anayelazimika kuandika jambo lilelile mara mbili hupunguziwa muda wa kumwangalia mgonjwa.

Kuna pia suala la siri. Ripoti ya mwezi hubeba jumla za wagonjwa bila majina, lakini mifumo inayofuatilia mgonjwa mmoja mmoja huhifadhi taarifa ambazo zikivuja zinaweza kumwaibisha au kumhatarisha. Uganda na Kenya zilitunga sheria za kulinda taarifa binafsi mwaka 2019, Rwanda mwaka 2021 na Tanzania mwaka 2022.

Kwa mwananchi, sehemu yake katika mfumo huanzia kwenye dirisha la mapokezi: kufika na kadi ya chanjo ya mtoto, kutaja umri na kijiji kwa usahihi, kuomba mkalimani pale lugha inapokuwa kikwazo, na kutoa taarifa mapema kifo kisichoeleweka kinapotokea kijijini.