Wauguzi na Ghadhabu ya Kinga

Tangu mwaka 1983, wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania walipogunduliwa mkoani Kagera, hadi mwaka 2004, Serikali ilipoanzisha mpango wa taifa wa kutoa dawa za kufubaza virusi, kazi ya muuguzi ilikuwa aghalabu kumsitiri mgonjwa na kumwandalia mauti yenye heshima. Kwa hiyo dawa zilipowasili furaha ilikuwa adhimu, na yaliyofuata yakawatia wengi fadhaa. Kwani baadhi ya waliofika wakiwa taabani, kinga zao zimekwisha kuporomoka, baada ya majuma machache ya kumeza dawa walipatwa na homa kali, mitoki ikawavimba, na kifua kikuu kilichodhaniwa kutulia kikachachamaa upya, si kwa sababu dawa zilishindwa, bali kwa kuwa kinga iliyofufuka iliwatambua maadui waliojificha, ikawashambulia kwa ghadhabu iliyoudhuru hata mwili wenyewe.

Hapo ndipo ilipodhihiri hekima ya muuguzi, ambayo kwa rai yangu haijasifiwa inavyostahiki: kuuliza habari za kikohozi na maumivu ya kichwa kabla ya dozi ya kwanza, kupima joto na uzito, kumsihi mgonjwa asikate tamaa, na kumwita tabibu mapema. Swali la maumivu ya kichwa halikuwa la bure, kwani mwaka 2014 utafiti uliofanywa Uganda na Afrika Kusini ulibainisha kwamba wenye homa ya uti wa mgongo itokanayo na kuvu husalimika zaidi wakingojeshwa yapata majuma 5 kabla ya kuanzishiwa dawa za kufubaza virusi.

Nawe msomaji, ukimwona jamaa yako amezidiwa baada ya kuanza dawa, usimwache azitupe. Mrejeshe kliniki siku hiyo hiyo.