Sheria ya Brooks

Sheria ya Brooks ni kanuni ya usimamizi wa miradi ya programu za kompyuta isemayo kwamba mradi uliokwisha kuchelewa, ukiongezewa watu, huzidi kuchelewa. Ilitolewa na Frederick P. Brooks (1931–2022), Mmarekani aliyeongoza utengenezaji wa mfumo endeshi wa OS/360 katika kampuni ya IBM, kwenye kitabu chake The Mythical Man-Month cha mwaka 1975. Wengi huitaja kama onyo kuhusu idadi ya wafanyakazi tu. Lakini katika mradi ulioizaa, watu waligawiwa kazi kabla ya kueleweka sawasawa wanatakiwa kujenga nini, na upande huo, usiotajwa sana, ndio wenye faida kubwa zaidi kwa meneja wa mradi.

Chimbuko: OS/360

Tarehe 7 Aprili 1964 IBM ilitangaza System/360, familia ya kompyuta za ukubwa na bei mbalimbali zilizoweza kuendesha programu zilezile. Kabla ya hapo, mteja aliyehamia mashine kubwa zaidi mara nyingi alilazimika kuziandika upya programu zake. Ahadi hiyo nzito ilihitaji mfumo endeshi mkubwa kuliko yote iliyotangulia katika kampuni. Kati ya mwaka 1963 na 1966, kuisanifu OS/360, kuiandika na kuitungia nyaraka kulichukua kazi ambayo mtu mmoja angeifanya kwa miaka 5,000 hivi. Wakati wa kilele mradi ulikuwa na watu zaidi ya 1,000, wakiwamo waandishi wa miongozo, waendesha mashine, makarani na makatibu muhtasi.

Uamuzi ulioathiri mradi kuliko mwingine wowote ulihusu nani aandike maelezo ya mahitaji, yaani waraka unaosema mfumo utafanya nini mbele ya mtumiaji. Mkuu wa wasanifu alikuwa na watu 10 hodari. Alisema wangeuandika vizuri kwa miezi 10, yaani miezi 3 zaidi ya ratiba. Mkuu wa kikosi cha programu ya udhibiti alikuwa na watu 150. Naye alidai kikosi chake kingeumaliza kwa wakati, tena kazi wakipewa wasanifu, watu wake 150 wangekaa bure miezi yote hiyo. Mkuu wa wasanifu akajibu kwamba kikosi hicho nacho kingechelewa miezi 3 ileile, na waraka ungekuwa hafifu.

Brooks aliwapa wale 150. Waraka ulichelewa miezi 3 na ukatoka hafifu, kama alivyoonywa. Kwa makadirio yake mwenyewe, ukosefu wa fikra moja katika usanifu uliongeza mwaka mzima katika kazi ya kusaka hitilafu. Hofu ya kuona watu wamekaa bila kazi ndiyo iliyoamua, na hofu hiyo bado inaamua mengi katika ofisi za programu.

Kumbukumbu ya mashine nayo iligawiwa vibaya. Kila kikosi kilipewa kikomo cha nafasi ambayo programu yake ingechukua ndani ya kumbukumbu kuu, ila hakikupewa kikomo cha mara ngapi ingeruhusiwa kwenda kuchota data diskini. Kila kikosi kilipobanwa kilihamishia vipande vyake diskini, kikatimiza masharti yake na kuuachia mfumo mzima mzigo. Jaribio la kuiga mwenendo wa mfumo lilionyesha kwamba programu ya kutafsiri lugha ya Fortran ingeshughulikia kauli 5 tu kwa dakika. Hakuna kikosi kilichovunja agizo. Lililokosekana ni hitaji la kasi, ambalo halikuwa limeandikwa popote.



Hesabu yake

Brooks anatoa mfano wa kazi iliyokadiriwa kuchukua watu 3 kwa miezi 4. Robo ya kwanza, iliyopaswa kuisha mwezi wa kwanza, inaisha mwisho wa mwezi wa pili. Tuseme kosa la makadirio lilikuwa katika robo hiyo peke yake: imebaki kazi ya mtu mmoja kwa miezi 9, na muda wa miezi 2. Meneja anaongeza watu 2. Wageni hao wanahitaji mwezi mmoja wa kufundishwa, na wa kuwafundisha ni mmoja wa wenyeji. Mwezi wa tatu ukiisha, wenyeji wawili waliobaki kazini wamepunguza miezi 2 tu. Imebaki 7, na watu 5 wana mwezi mmoja. Hapo haijahesabiwa kazi ya kugawanya upya kilichokwisha kugawiwa watu watatu.

Gharama ya pili ni mawasiliano. Ikiwa kila mmoja lazima aelewane na kila mwenzake, watu 5 wana njia 10 za mawasiliano, watu 10 wana 45, na watu 50 wana 1,225.

Katika kugawa muda, Brooks alitenga theluthi moja kwa kupanga, sehemu moja ya sita kwa kuandika programu, robo kwa kujaribu vipande na robo ya mwisho kwa kujaribu mfumo wote. Uandishi, ambao wenye fedha hudhani ndio kazi yenyewe, ndio uliopata fungu dogo kuliko yote.

Mipaka

Brooks mwenyewe alikiri kwamba ameirahisisha mno kanuni hiyo. Mwaka 1991 Tarek Abdel-Hamid na Stuart Madnick walionyesha kwamba kuongeza watu huongeza gharama daima, lakini si lazima kuchelewesha, hasa wakiongezwa mapema.

Mahitaji yasiyojulikana

Katika insha yake ya mwaka 1986, No Silver Bullet, Brooks alishikilia kwamba sehemu ngumu kuliko zote ni kuamua kwa usahihi kitu gani kijengwe, kwa kuwa mteja mwenyewe mara nyingi hajui. Mfano mzuri uko Kenya. Majaribio ya M-Pesa, huduma ya fedha kwa simu, yalianza Oktoba 2005 pamoja na Faulu Kenya, taasisi ya mikopo midogo, lengo likiwa kuwawezesha wakopaji kurejesha mikopo midogo kwa simu. Watumiaji walianza kutumiana fedha wao kwa wao. Wasimamizi walifuata walichokiona, na Machi 2007 kampuni ya simu ya Safaricom ilipoizindua huduma hiyo kwa umma, kutuma fedha ndiko kulikowekwa mbele.

Urithi

Brooks aliondoka IBM akaanzisha idara ya sayansi ya kompyuta katika Chuo Kikuu cha North Carolina, Chapel Hill, na mwaka 1999 alipata Tuzo ya Turing. Toleo la pili la kitabu lilitoka mwaka 1995, likiwa na sura 4 zaidi. OS/360 ni babu wa z/OS, mfumo wa kompyuta kubwa za IBM.