Anayeuliza Ni Nani? Hojaji za Afya ya Akili kutoka London hadi Harare

Neno hojaji huenda ukalikuta zahanati kabla ya kulikuta darasani. Ni orodha ya maswali yaliyopangwa, na kila mgonjwa huulizwa yale yale. Ndiyo maana wengi hudhani kwamba jibu hutegemea swali peke yake. Historia yatuonyesha kuwa jibu hutegemea pia ni nani aliyeuliza, kwa njia gani, na nani alikuwa akisikia.

Mwaka 1972 David Goldberg, daktari wa magonjwa ya akili nchini Uingereza, alichapisha hojaji ya maswali 60. Mgonjwa alijijazia mwenyewe kwa kalamu. Karatasi haina macho, wala haishangai. Mtu huweza kuikiria jambo ambalo asingethubutu kulitamka. Ila humtaka ajue kusoma. Baadaye Shirika la Afya Duniani lilieneza hojaji fupi ya maswali 20 ya ndiyo au siyo, ambayo mhudumu angeweza kumsomea mgonjwa asiyejua kusoma. Tatizo moja likatatuliwa, jingine likazaliwa.

Hebu fikiri: mama ameketi kwenye benchi la zahanati, jirani zake wakiwa kando. Muuguzi mwenye haraka anamsomea kwa sauti: je, umewahi kufikiria kujiua? Atajibu nini? Atasema hapana, naye atarudi nyumbani na vidonge vya kichwa. Karatasi itaonyesha kuwa mama huyu ni mzima.

Zimbabwe haipakani na Tanzania, lakini Kishona ni ndugu wa Kiswahili, na huko ndiko swali hili lilikoshughulikiwa kwa makini. Katika miaka ya 1990 Vikram Patel na wenzake mjini Harare walitunga hojaji ya maswali 14 kwa maneno ya wagonjwa wenyewe. Neno kuu ni kufungisisa, yaani kuwaza kupita kiasi. (Usidanganyike: katika Kishona, kufunga ni kufikiri!) Hata sisi husema fulani ana mawazo, na kila mtu huelewa kuwa hatuzungumzii hekima.

Mwaka 2006 daktari Dixon Chibanda alianza kazi na mabibi 14 katika mtaa wa Mbare. Bibi alikaa na mgonjwa nje ya zahanati, juu ya benchi la mbao, akamuuliza maswali yale taratibu, kisha wakazungumza juu ya tatizo lenyewe. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016, uliohusisha watu 573 katika zahanati 24, ulionyesha kuwa baada ya miezi 6 waliopitia benchi walikuwa na dalili chache kuliko wenzao waliopata huduma ya kawaida.

Sidhani kwamba bibi humfaa kila mtu. Anayeishi mtaa mmoja nawe anawajua wazazi wako, na kijana mwenye siri huenda akaichagua karatasi.

Benchi lenyewe mwanzoni lilihusishwa waziwazi na afya ya akili, na watu wakasita kulikalia. Sasa kwa Kishona huitwa Chigaro Chekupanamazano. Tazama chi- ilivyo sawa na ki- yetu, na kupana ilivyo karibu na kupeana: ni kiti cha kupeana mashauri.